Nimeacha TV, video na hata kujipiga selfi kwa sababu ya jinsi nilivyokuwa najiona. Tujadili

Jicho la Ndani

Habari za muda huu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aje asome akitulia.

Nimeacha kuangalia TV. Sijapunguza, nimeacha kabisa, na tamthilia nimeacha, zile video fupi fupi nimeacha, mitandao yote inayoishi kwa picha nimeitoa kwenye simu, na mimi mwenyewe nimeacha kujipiga picha. Sijabadili dini wala sibani matumizi. Nilikuwa sijipendi. Nikipita mbele ya kioo nageuza uso, nikialikwa kwenye sherehe nawaza tumbo langu kabla sijawaza nguo, na hali hii nimeishi nayo tangu niko shule. Nimejaribu yote tunayoambiwa, kujisemesha maneno mazuri asubuhi, kuandika kwenye daftari vitu ninavyovipenda mwilini mwangu, dayati, mazoezi, halafu usiku nakaa masaa naangalia watu ambao ngozi zao hazina hata kitundu. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Sasa hoja yangu ni hii. Ukiwaambia watu kwamba TV inakuharibia unavyojiona wanakwambia una wivu, hujiamini, jikaze. Mimi naona shida inaanzia kwenye jicho kabla haijafika moyoni. Jicho halijui huyu ni muigizaji na yule ni jirani, lenyewe linakusanya tu sura na miili liliyoiona kutwa nzima, na kile lilichokiona mara nyingi zaidi ndo linakiita kawaida. Kama siku nzima umeona mamia ya sura za kwenye skrini na watu wachache tu wa kweli, basi kawaida yako itakuwa ya kwenye skrini, na ukijiangalia utajiona uko chini hata kama ukisimama katikati ya watu halisi hakuna anayekushangaa. Unaweza kujiambia kwamba zile picha zimechezewa, na unajua kabisa zimechezewa, ila jicho halisikii maneno.

Kuna jamaa anaitwa Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1954 aliandika kwamba binadamu anapokosa kipimo cha wazi anajipima kwa kujilinganisha na wenzake, hasa wale anaowaona wanafanana naye. Uzuri hauna rula, kwa hiyo tunapimana. Enzi hizo ulikuwa unapimana na watu wa mtaani kwako, leo unapimana na dunia nzima, na dunia yenyewe inakuletea waliochaguliwa tu.

Kilichonifumbua macho zaidi ni habari ya Fiji. Mwaka 1995 TV iliingia mkoa wa Nadroga, magharibi ya kisiwa kikubwa cha Fiji, sehemu ambayo mwili mkubwa ulikuwa unasifiwa na mtu akikonda ndo watu wanapata wasiwasi. Mtafiti Anne Becker wa Harvard aliwapima wasichana wa sekondari wiki chache baada ya TV kufika, akarudi 1998 akapima wasichana wengine wa rika lilelile. Wale wenye dalili za wazi za kuvurugika kwenye suala la kula walitoka asilimia 12.7 wakafika 29.2. Waliosema wanajitapisha ili wapungue walikuwa sifuri, wakawa asilimia 11.3. Na alipoongea nao wenyewe walimwambia wanataka kufanana na wale wanaowaona kwenye tamthilia. Miaka mitatu tu wakuu. Sidhani kama wale mabinti walizaliwa na moyo dhaifu kuliko dada zao.

Kwangu mabadiliko hayakuja haraka. Mwanzoni ni upweke tu, mkono unaenda kwenye simu wenyewe, jioni inakuwa ndefu na nyumba kimya mpaka kimya kinaumiza. Nikaanza redio, nikaanza vitabu vya kusikiliza, habari nasoma. Halafu kuna siku niko kwenye gari la abiria nimekaa mkabala na mama mmoja wa makamo, ana mistari miwili pembeni ya mdomo, meno ya mbele yamepandana kidogo, kidevuni kuna kovu la zamani, anamhadithia mwenzake kitu huku anacheka mpaka anashika kifua, na mimi nikajikuta namwangalia naona huyu mama ni mzuri. Na sikumwona mzuri kwa huruma, nilimwona mzuri kwelikweli. Nikaanza kuangalia watu wengine mle ndani, vitambi, makunyanzi, shingo fupi, masikio makubwa, chunusi, nikaona mbona wote wako sawa tu. Na kama wao wako sawa basi na mimi niko sawa. Hilo wazo halikuja kwa kujilazimisha, limekuja lenyewe baada ya jicho kupumzishwa.

Bado sijamaliza safari, kuna siku narudi kulekule. Ila nataka nisikie wengine, hasa waliojaribu.

Mzee wa Hoja

Dada hongera kwa ujasiri wa kuandika. Ila niruhusu nipinge kidogo maana nisipopinga uzi utakuwa wa kusifiana.

Hiyo ya Fiji naifahamu. Mwaka 1995 walikuwa wasichana 63, mwaka 1998 walikuwa 65, na kama ulivyosema sio walewale. Miaka ile kuna mengi yalikuwa yanabadilika kule, pesa, shule, ajira, huwezi kumbebesha TV mzigo wote. Pili, kuna utafiti mkubwa wa Marekani ambapo watu walilipwa wazime Facebook kwa muda wa wiki nne kabla ya uchaguzi wa 2018, kweli furaha iliongezeka lakini kwa kiasi kidogo. Tatu, mtu anayejikubali anaangalia TV kutwa na hapati shida yoyote. Mke wangu ni mfano. Kwa hiyo mimi naona ugonjwa uko ndani, TV inaugusa tu kidonda. Ukiificha TV na kidonda kipo, kesho kitaguswa na jirani mpya mwenye umbo zuri.

Jicho la Ndani

Mzee wangu asante, na hizo namba nazikubali, kundi ni dogo na lilikuwa la watu tofauti. Lakini huo mfano wa kidonda unanisaidia mimi zaidi yako. Kidonda kinachoguswa kila siku kinaponaje? Mimi sijasema TV pekee ndo iliyonitoboa, nasema siwezi kupona huku inanigusa kila jioni kuanzia nitoke kazini mpaka nilale. Jirani mwenye umbo zuri atakuwa mmoja, na nitamwona pia akiwa amevimba macho asubuhi, nitamwona anaumwa, nitamwona kachoka. Mtu wa kwenye skrini sitamwona hivyo kamwe.

Na kuhusu furaha kuongezeka kidogo, ile ni wastani wa watu wote, na mule ndani wamo kina mama yetu, mkeo, ambao hawakuwa na shida toka mwanzo. Kuna jaribio lingine la Canada lilitoka 2023, wao walichukua vijana 220 wa miaka 17 mpaka 25 ambao tayari walikuwa na dalili za wasiwasi au huzuni na wanatumia mitandao masaa mawili au zaidi kwa siku kwenye simu. Nusu wakaambiwa wasizidishe saa moja kwa siku kwa wiki tatu. Hao waliopunguza walianza kuridhika zaidi na muonekano wao na uzito wao, ile nusu nyingine isiyopunguza ikabaki palepale. Uzito wenyewe hakuna aliyewaambia wapunguze. Hawa ndo watu wa aina yangu.

Mzee wa Hoja

Hapo kwenye wastani umenijibu vizuri. Lakini jaribio hilo ni la mitandao, sio TV. Na ile skandali ya 2021, nyaraka za ndani za Facebook, wenye Instagram, alizotoa Frances Haugen aliyekuwa mfanyakazi wao, watu wanaitaja nusu. Ilisema asilimia 32 ya mabinti walisema wakiwa wanajisikia vibaya kuhusu miili yao Instagram inawaongezea. Maana yake wengi hawakusema hivyo. Sitetei kampuni, nasema tuwe waangalifu tusiseme ni sumu kwa kila mtu.

Jicho la Ndani

Sawa kabisa mzee. Sijasema kila mtu aache. Nimefungua uzi kwa ajili ya huyo mmoja kati ya watatu, maana huyo anaambiwa kila siku ajikaze.

Mbavu za Chuma

Wakuu naomba msiifanye hii mada ya akina dada peke yao. Mimi ni mwanaume, napiga jimu muda mrefu na nimeona washkaji wanaharibika kabisa. Mtu ana mwili ambao zamani angeitwa baunsa lakini anajiita mwembamba, anavaa sweta juani, haendi kuogelea, akikosa mazoezi siku moja hali vizuri hasemi na mtu. Wengine wanaishia kujichoma sindano ambazo hata hawajui ndani kuna nini.

Na chanzo nakijua maana na mimi ilinipata. Muvi za mapigano na kurasa za mazoezi. Hakuna anayekwambia kwamba muigizaji akiwa na sini ya kuvua shati anapunguziwa maji ya kunywa kabla, anapiga pushapu nyuma ya kamera misuli ijae damu, taa inawekwa kwa pembeni ili kila mstari wa tumbo uonekane, na baada ya hiyo siku ule mwili haupo tena. Wewe unautafuta uwe nao asubuhi, mchana na usiku mwaka mzima. Hata midoli wakuu, daktari wa akili wa Marekani Harrison Pope na wenzake mwaka 1999 walipima midoli ya wanajeshi ya watoto wa kiume kuanzia ya miaka ya 60, misuli imekuwa ikikua toleo kwa toleo mpaka ile ya mwisho ukiikuza iwe saizi ya mtu inampita mbeba vyuma mkubwa kuliko wote. Mtoto anachezea hiyo.

Mimi sijaacha TV ila kurasa zote za mazoezi nimezifuta na jimu nimehamia upande usio na vioo. Nanyanyua kwa kuhesabu kilo, sio kwa kujitazama. Nguvu zimeongezeka na kichwa kimetulia.

Mpiga Picha Tena

Nimeishi kwa kamera miaka mingi ngoja niongeze yangu, hasa kwa mleta uzi aliposema kaacha selfi, naona wengi wameipita hiyo na mimi naona ndo kubwa kuliko zote.

Selfi inakudanganya hata bila filta. Simu ukiishika karibu na uso, pua iko karibu zaidi na lensi kuliko masikio, kwa hiyo pua inatoka kubwa na masikio yanakimbia nyuma. Mwaka 2018 kuna madaktari wa upasuaji wa uso Marekani walipiga hesabu wakaona picha ya umbali wa sentimita 30 hivi inafanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu, na walifanya hiyo hesabu kwa sababu watu walikuwa wanakuja wapunguzwe pua huku wameshika selfi mkononi kama ushahidi. Hebu jaribuni leo. Jipige ukiwa umeshika simu karibu na uso, halafu mpe mtu asimame hatua mbili tatu nyuma azumu kidogo akupige, kaa vilevile bila kubadili sura. Zilinganishe. Utaona watu wawili, na yule wa pili ndo wanayemwona watu ukiongea nao.

Kingine, umezoea kujiona kwenye kioo ambako kulia ni kushoto. Picha inakugeuza, ndo maana unaona uso umepinda. Kuna wanasaikolojia 1977 walionyesha watu picha zao za aina mbili, wenyewe wakapenda ile iliyogeuzwa kama kwenye kioo, marafiki zao wakapenda ile ya kawaida. Hakuna mbaya, ni mazoea tu, kama mleta uzi anavyosema kuhusu jicho.

Na hao mnaowaangalia hata wao hawafanani na picha zao. Kate Winslet mwaka 2003 alilalamika hadharani baada ya jarida moja la Uingereza kumpunguza miguu kwenye picha ya jalada. Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo lenye mwili wa modo uliopunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imeguswa, faini inafika yuro 37,500. Norway nao wana sheria kama hiyo tangu 2022. Sheria nzuri, ila hizo zinagusa matangazo ya biashara. Jirani yako anayejiwekea filta kwenye video, ngozi inalainika na macho yanakua akiwa anaongea mubashara kabisa, hakuna wa kumwandikia maelezo chini. Mimi zamani kusafisha sura moja ilikuwa kazi ya nusu siku, leo mtoto anaifanya kwa kidole.

Nesi Mstaafu

Wanangu nimesoma yote. Mnaongea vizuri lakini kuna jambo lisipite hivihivi.

Kuna mtu anajiona mbaya kwa sababu ya picha, na kuna mtu ni mgonjwa. Kama unaruka milo kwa makusudi, unajitapisha, unatumia dawa za kuharisha ili upungue, au unasimama mbele ya kioo masaa unatafuta kasoro moja ambayo watu wengine hawaioni na umeacha kutoka nje kwa sababu yake, hapo kuzima TV peke yake hakutoshi. Nendeni kwa daktari, ombeni muonane na mtu wa afya ya akili. Ugonjwa wa kujinyima chakula ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua sana, na wengi wanaletwa wamechelewa kwa sababu ndugu walikuwa wanamsifia mgonjwa kwamba amepungua vizuri. Hilo la kusifia nalo mliache. Mtu akipungua ghafla muulize anaendeleaje kwanza.

Jicho la Ndani wewe mwanangu unakula?

Jicho la Ndani

Shikamoo mama. Ninakula, na nilikuwa nishapita kwa mshauri kabla ya haya yote, yeye ndo alinifundisha kuandika kwenye daftari. Asante kwa kuuliza, na nakushukuru kwa kuliweka wazi maana kuna watu wanasoma kimyakimya.

kazi_na_simu

Mimi naelewa mada ila nauza vitu mtandaoni, nisipoweka picha sili. Na kazini mikutano yote ni ya video. Nifanyeje sasa

Jicho la Ndani

Ndugu yangu hata mimi mikutano ya video ninayo. Kitu cha kwanza kwenye mkutano tafuta pale pa kuficha picha yako mwenyewe, wenzako wanaendelea kukuona ila wewe hujioni. Mtafiti Jeremy Bailenson wa chuo cha Stanford mwaka 2021 aliandika kuhusu kwa nini simu za video zinachosha, na moja ya sababu alizozitaja ni hiyo ya kujitazama kama uko mbele ya kioo siku nzima. Fikiria unaongea na bosi huku mtu kakushikia kioo usoni. Mimi nilikuwa natoka kwenye mkutano sikumbuki kilichosemwa, nakumbuka kidevu changu.

Kwa biashara, tenganisha kuweka na kuangalia. Akaunti ya biashara isifolo sura ya mtu yeyote, iwe ya bidhaa tu, ingia uweke, jibu wateja, toka. Ukiweza tumia kompyuta badala ya simu maana kwenye simu kidole kinajua njia. Na kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu ya kufanya skrini iwe nyeusi na nyeupe, watu wanaidharau, ila sura isiyo na rangi haivuti, unajikuta unaiweka simu chini mwenyewe.

Mama Wawili

Naomba kuuliza kuhusu watoto. Wa kwangu wa kike ana miaka kumi na moja, juzi kaniuliza kama mapaja yake ni makubwa. Nimeishiwa nguvu. Baba yake anasema tuzime TV nyumba nzima na simu tumnyang'anye, mimi naogopa ataona tunamuadhibu.

Jicho la Ndani

Pole sana mama. Mimi sina mtoto kwa hiyo chukua kwa tahadhari. Ila nikikumbuka umri huo, kilichoniumiza mwanzo kabisa ni kumsikia mama akijisema mwenyewe mbele ya kioo, nimenenepa, siwezi kuvaa hii, angalia mikono yangu. TV ilikuja kumalizia. Kwa hiyo ningeanza na yanayosemwa nyumbani kuhusu miili, ya kwako, ya shangazi, hata ya mtangazaji kwenye TV, maana na sisi watu wazima tunapenda kukaa pale tunachambua, huyu kazeeka huyu kanenepa, na mtoto yuko hapohapo anasikiliza anajifunza kipimo.

Halafu TV kama mnazima zimeni wote, na baba naye. Akizimiwa peke yake huku nyie mnaangalia atajua amekosea kitu. Na pale muda ulipokuwa wa TV muweke kitu cha mwili kufanya, kuogelea, kucheza, kupanda, chochote ambacho mapaja yana kazi.

Nesi Mstaafu

Na lile swali lake mjibu mama usilipite. Usimwambie tu "hapana wewe ni mzuri" halafu ukaendelea na kazi. Muulize nani kasema, kaona wapi. Mara nyingi kuna mtu au kuna video.

Mama Wawili

Nimemuuliza leo. Kuna video. Msichana anapima nafasi kati ya mapaja kwa mkono. Asanteni, nimekaa naye tumeongea mpaka amelala.

Mzee wa Hoja

Hiyo ya mapaja imenigusa, nina wajukuu. Dada nimekuelewa zaidi ya nilivyoanza. Bado nasema sio sumu kwa kila mtu, ila nitajaribu mwezi huu TV isiwashwe wajukuu wakiwa hapa. Swali langu moja, mpira nao unahesabika? Maana mimi taarifa ya habari naweza kusoma, ila mechi siwezi kukosa.

Jicho la Ndani

Mzee wangu mpira wenyewe hauna shida, shida ni matangazo ya mapumziko na yale ya kabla ya mechi. Jaribu kuisikiliza redioni na wajukuu, mtangazaji mzuri wa redio anakuonyesha uwanja mzima. Ukishindwa iwashe filimbi ikilia, mapumziko uizime, kipindi cha pili uiwashe tena. Mwezi ukiisha rudi hapa utuambie wajukuu wamesemaje.